Nimekariri maneno 900 ya Kiingereza, na insha yangu imeshuka hadi alama 8. Nimekosea wapi?

Binti wa Kayole ameuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Nairobi, na darasa letu ndilo la mwisho kabisa katika mfumo wa elimu wa 8-4-4. Tutafanya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, mwaka 2027, na kwa kuwa nyuma yetu hakuna tena kidato cha pili, atakayeanguka hatakuwa na darasa la kurudia. Nalitaja hilo mapema ili mwelewe haraka niliyo nayo.

Nyumbani tunazungumza Kiswahili. Nilizaliwa Likoni, tukahamia Kayole nilipokuwa darasa la tano, kwa hivyo Kiswahili hakinisumbui, na Sheng nimejifunza kwa lazima, lakini Kiingereza changu ni cha vitabuni na nakiona hakitoshi. Ndoto yangu ni kusomea uandishi wa habari. Mwezi wa Januari nilijiwekea lengo la kujifunza maneno mapya 15 kila siku, siku sita kwa juma, kwa majuma kumi. Nilinunua daftari la kurasa 200, nikawa nachota maneno kwenye kamusi, naandika neno upande wa kushoto na maana yake upande wa kulia, kisha naikariri orodha yote kabla ya kulala. Haba na haba hujaza kibaba, nilijiambia, na kweli majuma kumi yalipotimia nilikuwa na maneno 900.

Hapo ndipo mambo mawili yaliponitia wasiwasi. Kwanza nilijitahini mwenyewe. Nilichagua maneno 60 ya kurasa za mwanzo, nikafunika upande wa maana kwa rula. Niliyoweza kueleza yalikuwa 14, na niliyoweza kuyatungia sentensi bila kusitasita yalikuwa matano tu. Pili, nilirudishiwa insha yangu ikiwa na alama 8 kati ya 20, ilhali mwaka jana, kabla sijawa na daftari hilo, nilikuwa nikipata 11 au 12. Nilikuwa nimeandika hivi: "My mother commenced to masticate the ubiquitous ugali." Mwalimu alilizungushia neno "masticate" duara jekundu na kuandika pembeni kwamba mama angeweza kula tu, kama watu wengine. Darasa lilicheka, nami nikacheka nao, lakini jioni sikuligusa daftari, na tangu siku hiyo sijaligusa.

Ninaomba ushauri wenu. Je, maneno 15 ni machache na niongeze hadi 30, au njia yenyewe ndiyo mbovu? Na lengo la kujifunza msamiati lipimwe kwa nini, kama si kwa idadi ya maneno?

Mwalimu wa Kasarani amejibu:

Binti yangu, pole kwa duara jekundu, na hongera kwa kujitahini bila kulazimishwa, kwa maana wanafunzi wengi hulijaza daftari wakaridhika na unene wake. Nimefundisha Kiingereza katika shule za upili kwa miaka 26 kabla ya kustaafu, na madaftari kama lako nimeyaona mengi. Kibaba chako kina tundu chini. Ukiongeza maneno hadi 30 kwa siku utakuwa unamwaga kwa kasi zaidi, basi.

Tuanze na mtihani, kwa kuwa ndio unaokukimbiza. Kiingereza cha KCSE kina karatasi tatu, ya kwanza alama 60, ya pili alama 80, ya tatu alama 60. Jiulize msamiati unapimwa wapi humo. Katika karatasi ya kwanza kuna kifungu chenye mapengo kumi, alama kumi. Tazama sentensi hii niliyoitunga mimi: "She has lived in Nairobi ____ 2015, ____ she still loses her way in Eastleigh." Pengo la kwanza linataka "since", la pili linataka "yet" au "but". Maneno hayo uliyajua ukiwa shule ya msingi, na bado kila mwaka nilikuwa na wanafunzi hodari waliojaza "for" kwenye pengo la kwanza na "so" kwenye la pili. Mapengo mengi huziba kwa viunganishi, vihusishi na vijineno vya aina hiyo ambavyo hakuna anayevikariri kwa sababu anadhani anavijua. Anayeziba pengo sawasawa ni yule anayesikia sentensi inaelekea wapi.

Katika karatasi ya pili kuna ufahamu, alama 20, na humo mara nyingi huulizwa maana ya neno kama lilivyotumika katika kifungu. Uliyefundishwa vitawe katika Kiswahili, kaa la moto na kaa wa baharini, huhitaji kuelezwa kwa nini maana moja iliyonakiliwa kutoka kwenye kamusi inaweza kukupotosha. Aliyeandika kwamba "sentence" ni fungu la maneno lenye kiima na kiarifu atakwama kifungu kinapozungumzia hakimu. Kisha kuna sarufi, alama 15, ambapo utapewa "permit" na kutakiwa uigeuze iwe "permission", au utapewa kitenzi cha neno moja na kutakiwa uweke mahali pake maneno mawili au matatu yenye maana hiyo, kwa mfano "put off" kwa kuahirisha na "put up with" kwa kuvumilia. Maneno hayo yote ni mafupi. Yanayotatiza ni jinsi yanavyoungana.

Sasa insha. Hapa nitasema jambo ambalo wenzangu wanaofundisha Kiswahili hawatalipenda. Mazoea haya mmeyatoa darasa la nane, katika zile insha za jua kuchomoza kwa madaha na majogoo kuwika kokoriko, ambapo mtoto alikuwa akisifiwa kwa kila pambo alilolikariri hata kama kisa chenyewe kilihusu ajali ya matatu usiku. Mmefika kidato cha kwanza mkayahamishia mapambo yale katika Kiingereza. Neno "masticate" halina kosa lolote. Kwake ni darasa la biolojia, kwenye meno na mmeng'enyo wa chakula. Na "ubiquitous" ni kitu kinachoonekana kila uendako. Maajenti wa M-Pesa jijini Nairobi wanastahili neno hilo kabisa, lakini ugali ulio kwenye sahani moja mbele ya mama mmoja hauwezi kuwa kila mahali.

Kuhusu daftari, usilitupe. Ligeuze. Badala ya mistari 25 katika ukurasa, kila neno lipewe nusu ukurasa na liandikwe pamoja na ukoo wake na majirani zake. Chukua "decide". Ukoo wake ni "decision", "decisive", "indecisive", "decisively". Majirani zake ni yale maneno ambayo Waingereza wamezoea kuyatembeza nalo: mtu husema "make a decision" au "reach a decision", wala hasemi "do a decision". Chini kabisa andika mtego, yaani kosa ambalo sisi Wakenya tumelizoea hata tukaliona sahihi. Ukurasa wa "discuss" uonye kwamba hatusemi "discuss about". Wa "cope" uonye kwamba hakuna "cope up with". Wa "furniture", "equipment" na "advice" uonye kwamba hayaongezwi "s" mwishoni. Mwanafunzi anayeyajua maneno 300 kwa namna hiyo namtanguliza mbele ya yule mwenye 900 ya kufunikwa kwa rula.

Abiria wa Jogoo Road amejibu:

Mwalimu amesema ya maana, ila hajagusa swali la kwa nini dada amesahau maneno 46 kati ya 60. Mimi niko mwaka wa tatu chuo kikuu, na hilo ndilo lililonitesa zaidi nilipokuwa shule ya upili.

Mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote na kupima amesahau kiasi gani baada ya saa, baada ya siku, baada ya majuma. Aliona kwamba kusahau huenda kwa kasi sana mwanzoni, katika saa na siku za kwanza, kisha mwendo unapungua. Orodha yako ya usiku, dada, ilikuwa karibu na silabi zile kuliko unavyodhani, kwa maana neno usilolikuta popote pengine halina tofauti kubwa na sauti tupu. Tena uliisoma mara moja ukasonga mbele.

Dawa niliyoitumia mimi inatokana na Sebastian Leitner, aliyeieneza katika miaka ya 1970, nayo haihitaji simu wala intaneti, jambo la muhimu kwako kwa kuwa shuleni simu haziruhusiwi. Nilinunua karatasi ya manila, nikaikata vipande vya ukubwa wa tiketi ya basi, nikachukua sanduku la viatu na kuligawa vyumba vitatu kwa vipande vya katoni. Kila kadi mpya huingia chumba cha kwanza, ambacho hupitiwa kila siku. Ukiijibu sawasawa, inahamia chumba cha pili kinachopitiwa kila baada ya siku tatu. Ukiipata tena, inahamia cha tatu kinachopitiwa mara moja kwa juma. Ukiikosa, hata kama ilikuwa imefika chumba cha tatu, inarudi cha kwanza bila huruma. Kwa njia hiyo maneno unayoyajua hayakupotezei wakati, na yale sugu unakutana nayo kila asubuhi hadi yanyooke. Mimi nilikuwa nikizipitia za siku ndani ya matatu kati ya Umoja na Muthurwa, na siku ya msongamano nilizimaliza zote na kuanza kuzirudia.

Lililo muhimu zaidi ni kinachoandikwa kwenye kadi. Usiandike neno mbele na maana nyuma. Andika sentensi yenye pengo mbele, na neno nyuma, ili ulazimike kulitoa kichwani wewe mwenyewe. Kulitambua neno ukiliona na kulipata unapolihitaji ni kazi mbili tofauti, na jaribio lako la rula limekuonyesha hivyo: 14 kwa 5.

Hapa nitatofautiana kidogo na walimu wengi, labda na Mwalimu wa Kasarani pia, wanaosema kamusi iwe ya Kiingereza kwa Kiingereza peke yake na Kiswahili kisionekane. Mimi naona Kiswahili kiandikwe hasa pale kinapounganisha kile ambacho Kiingereza hukitenganisha. Sisi tunasema "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" kwa kitenzi kimoja, ndiyo maana tunasikia "borrow me your pen" kila siku darasani. Kiingereza kina "lend" kwa anayetoa na "borrow" kwa anayepokea. Mkono kwetu unaanzia begani hadi vidoleni, kwao kuna "arm" na "hand". Mguu vilevile. Na tunasikia harufu kwa kitenzi kilekile tunachosikia sauti, hadi mtoto anaandika "I heard a bad smell". Kadi yenye "azima" upande mmoja na sentensi mbili upande wa pili iliniokoa kuliko ukurasa mzima wa kamusi.

Mzee wa Kamusi amejibu:

Nimewasoma nyote kwa utulivu. Sisi wa miaka ya 1970 tulikariri kamusi kuanzia herufi A, na hatukuwa na visanduku vya viatu kwa sababu viatu vyenyewe hatukuwa navyo. Kiingereza tulikijua na ofisini tukakiandika. Msimvunje binti moyo. Akariri.

Abiria wa Jogoo Road amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Sipingi kwamba mlikijua. Naomba tu kuuliza: mbali na kamusi, mlikuwa mkisoma nini kingine?

Mzee wa Kamusi amejibu:

Marahaba. Tulisoma chochote. Bucha ilifunga nyama kwa gazeti, nasi tulilikausha gazeti lile tukalisoma, hata habari ambazo mwisho wake ulikuwa umelowa damu. Nilikuwa na hadithi moja ya upelelezi isiyo na jalada ambayo niliisoma kwa koroboi mara nne au tano, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na nyingine. Naona unakonielekeza, kijana. Haya, nakubali kwamba maneno ninayoyakumbuka hadi leo ni ya hadithi ile. Yale ya herufi A sina hakika nayo.

Mhariri wa Usiku amejibu:

Binti ametaja uandishi wa habari, kwa hivyo nami nina haki ya kuingia. Kazi yangu ni kuhariri habari za Kiingereza kwenye dawati la usiku, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifuta maneno kama yale ya daftari lako kutoka kwa waandishi wanaolipwa mshahara. Mtu akisema jambo, tunaandika "said". Hatuandiki kwamba alinena, alidokeza, alitamka wala alibainisha, ila pale alipofanya hivyo kweli. Nyumba ikiungua, imeungua. Msomaji yuko kwenye foleni ya basi na ana dakika mbili.

Umeuliza lengo lipimwe kwa nini. Idadi si haramu, mradi ujue unahesabu nini. Paul Nation wa Chuo Kikuu cha Victoria huko Wellington, New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili mtu asome riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada, ayafahamu maneno 98 kati ya kila 100, anahitaji koo za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Usitishike. Yeye anahesabu koo, sawasawa na alivyoeleza Mwalimu, kwa hivyo "decide" na wanawe wote ni moja. Na wewe umesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, huanzi kwenye sifuri.

Tena maneno hayana uzito sawa. Michael West alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno takriban 2,000 yanayotumika zaidi, na hayo peke yake hubeba sehemu kubwa ya chochote utakachosoma. Mwaka 2000, Averil Coxhead, naye wa Wellington, akatoa orodha ya koo 570 ambazo hazimo katika ile ya West lakini hujirudia katika maandishi ya kitaaluma ya kila fani, yawe ya sheria, sayansi au biashara. Humo utakuta "analyse", "assume", "available", "context", "evident", "factor". Hayo ndiyo yanayokuzuia kwenye kitabu cha historia na kwenye kifungu cha ufahamu, na hakuna hata moja litakalomchekesha mwalimu wako. Katika sentensi yako ya ugali, "commence" limo katika orodha ya Coxhead, ingawa nisingelipeleka mezani kwa mama. Hayo mengine mawili hayamo katika orodha yoyote kati ya hizo mbili. Ulichota kisima kwa kijiko, kwa mpangilio wa alfabeti, na alfabeti haijui lipi linahitajika na lipi linakaa tu.

Ushauri wangu ni kwamba maneno yatoke kwenye kusoma, kisha ndiyo yaende kwenye sanduku la Abiria na daftari la Mwalimu. Chagua habari moja ya gazeti kila juma, isizidi maneno 500. Isome mara ya kwanza bila kamusi na bila kalamu. Mara ya pili piga mstari chini ya maneno usiyoyajua, kisha uamue ni matano gani yanayozuia maana; mengine yaache yapite, yakiwa na haja nawe yatarudi. Mara ya tatu funika gazeti na uandike habari ileile kwa sentensi sita za kwako. Ukilinganisha, utaona neno lipi la mwandishi lilifanya kazi ambayo lako halikuifanya. Hapo ndipo neno linapopatikana, kwa sababu umekuwa na haja nalo na ukalikosa.

Kama magazeti yanagharimu, maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931 katika mtaa wa Banda ina matawi mawili huko kwenu Eastlands, Kaloleni na Makadara. La Makadara liko karibu na njia yako ya kwenda mjini. Na wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaovitandaza chini barabarani hapo mjini watakuuzia riwaya nyembamba kwa bei ya chakula cha mchana ukijua kuzungumza nao. Kabla ya kununua, fungua ukurasa wowote na usome kama maneno 100. Yakikukwama zaidi ya matano, kirudishe. Hicho ni cha mwaka ujao.

Binti wa Kayole amejibu:

Nawashukuru sana nyote, na Mzee pia, kwa kuwa nimecheka kuhusu gazeti la bucha hadi mama akaniuliza kuna nini. Nimekaa siku mbili nikifikiria, nikayaandika malengo yangu upya, nanyi mniambie kama yana kasoro.

Nimeacha kuhesabu maneno kwa siku. Kila juma nitasoma habari moja kwa njia ya Mhariri, nichague maneno matano hapo na matano mengine kutoka katika vitabu vyangu vya historia na jiografia, jumla kumi. Kila moja lipate nusu ukurasa na kadi yake. Mwisho wa mwezi sitajiuliza nina maneno mangapi, nitachukua kadi kumi za chumba cha tatu na kuandika aya moja ninayoweza kumwonyesha mwalimu wangu. Na kufikia mwisho wa mwaka nataka niweze kusoma habari ya ukurasa wa kwanza wa gazeti la Kiingereza nikiwa nimesimama, bila kamusi, nimsimulie mama kwa Kiswahili.

Swali moja limebaki. Kuna maneno ninayoyaandika vizuri lakini naogopa kuyatamka. Wiki iliyopita nilisoma "subtle" kwa sauti, nikaitamka ile "b", na wenzangu wakanitazama.

Mwalimu wa Kasarani amejibu:

Malengo yako sina la kuyaongeza, isipokuwa kumi kwa juma yaweza kuwa saba majuma ya mitihani, wala usijilaumu.

Kuhusu matamshi, umeuliza jambo ambalo wanafunzi hulipuuza ingawa stadi za kuzungumza zina alama 30 katika karatasi ya kwanza, nusu nzima ya karatasi hiyo, tena kwa kuandika. Mtahini hatakusikia, atakupa "flour" akitaka uandike neno lenye matamshi hayohayo, nawe ujibu "flower". Kwa hivyo kila kadi iwe na alama ndogo kwenye pembe. Herufi isiyotamkwa ipigie mstari wa kukata: "b" katika "subtle" na "debt", "p" katika "receipt". Silabi inayobeba mkazo ipigie mstari chini. Kiswahili kimetuzoesha mkazo ulio karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hutembea na mazoea hayo hadi kwenye Kiingereza ambako mkazo unahama: "record" ikiwa nomino mkazo uko mwanzoni, ikiwa kitenzi uko mwishoni; "photograph" mkazo uko kwenye "pho", lakini ukisema "photographer" umehamia "to".

Vokali nazo ni tatizo la hesabu tu. Sisi tuna tano, Kiingereza cha Uingereza kina takriban 20, basi nyingi zao hulazimika kupanga chumba kimoja vinywani mwetu. Ndiyo sababu "ship" na "sheep", "hut" na "heart", hutoka sawa. Ulifundishwa vitate katika Kiswahili, "pata" na "bata". Anza ukurasa wa vitate vya Kiingereza nyuma ya daftari lako, na kila jozi uitungie sentensi moja inayozibeba zote mbili. Na waliokutazama kwa "subtle", waulize wanatamkaje "Wednesday".

Binti wa Kayole amejibu:

Ni majuma matatu baadaye. Sanduku langu lina kadi 29, na 12 ziko chumba cha tatu; "lend" imerudi cha kwanza mara mbili. Leo nimeandika upya ile insha kwa hiari yangu. Sentensi ya ugali sasa inasema: "My mother sat down and ate her ugali without a word."

Mwalimu wa Kasarani amejibu:

"Without a word" umeitoa wapi?

Binti wa Kayole amejibu:

Makadara, kwenye riwaya niliyoazima. Iko ukurasa wa 41, baba anaondoka nyumbani.